Kampuni yangu ya usafi inakua, mimi mwenyewe nibaki na kazi gani?

MwanaUsafi_DSM
Habari zenu wadau. Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Dar, tunafanya maofisi, kliniki moja na apatimenti, nyingi ziko Mikocheni na Msasani, chache Posta. Sa hivi tuko watu 24 kwenye saiti tisa na kuna mteja anataka tuchukue jengo lake lote, ghorofa nane.

Shida ni kwamba kila kitu kinapita kwangu. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye simu nauliza nani kafika nani hajafika, mchana nazunguka saiti, jioni naandika invoisi, na hapo katikati napigiwa sabuni imeisha Msasani nakimbia Kariakoo. Supavaiza ninaye, dada mmoja anaijua kazi vizuri mno, ila mteja akiwa na tatizo anamruka ananipigia mimi, na vijana nao hivyo hivyo. Mume wangu anasema niajiri meneja mimi nikae ofisini nitafute wateja. Dada yangu anasema nikitoka saiti tu ubora unashuka na wateja wataondoka maana walikuja kwa ajili yangu. Wote nawaelewa. Kazi zipo namshukuru Mungu, ninachouliza ni kwamba tukifika watu 40 mimi kazi yangu itakuwa nini hasa, na nianze kuachia kipi?

Fundi_Mipango
Hongera sana dada. Kabla hatujafika kwa meneja, huyo supavaiza ana mamlaka gani? Mtu akija amechelewa masaa mawili anaweza kumrudisha nyumbani? Sabuni ikiisha anaweza kununua bila kukuuliza?

MwanaUsafi_DSM
Hapana kaka, hela yote natoa mimi. Hata ufunguo wa stoo ninao mimi.

Fundi_Mipango
Basi tatizo ndo hilo. Wateja wanamruka kwa sababu wameshamzoea, kila wakimuuliza kitu jibu ni "ngoja nimuulize bosi", sasa kwanini wapoteze muda? Mpe ufunguo wa stoo. Mpe na hela ya matumizi madogo, tuseme laki mbili kwa wiki, Ijumaa analeta risiti ndo anapewa nyingine. Mteja akikupigia msikilize kwa heshima zote ila anayerudi kumpigia na majibu awe supavaiza, usiwe wewe. Utasikia vibaya mwanzoni utaona kama unawatupa wateja wako, vumilia tu. Na tafadhali usilete meneja wa nje ukamweka juu ya huyo dada, utampoteza yeye na pengine nusu ya vijana waondoke naye.

Mhasibu_Mtaani
Naongezea upande wa hela maana hilo jengo linanitia wasiwasi. Kwa watu 24 najua NSSF unapeleka asilimia 20 ya mishahara, na SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, pia inakuhusu kwa sababu umevuka watu 10. Sasa chukulia jengo ni milioni 8 kwa mwezi. Mteja akikulipa anakata asilimia 5 ya withholding, yaani kodi ya zuio anayoipeleka TRA kwa niaba yako, laki nne hiyo, unabaki na milioni 7.6. Cheti utapewa na utakuja kukitumia kupunguza kodi yako ya mapato, sawa, ila mwisho wa mwezi hakilipi mshahara wa mtu. Akisema analipa baada ya siku 60 maana yake umelipa mishahara ya miezi miwili kutoka mfukoni kwako kabla hujaona hata mia yake.

Halafu VAT. Mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12 lazima ujisajili, ni kama milioni 16.7 hivi kwa mwezi, jengo hilo linaweza kukuvusha. Maofisi yaliyosajiliwa hayatajali sana kwa sababu wanaidai ile 18%, ila mwenye apatimenti kwake bei imepanda tu, ataanza kulalamika. Kwa hiyo kazi yako wewe mwenyewe ni bei, mikataba na lini hela inaingia. Hiyo usimpe mtu mwingine kwa sasa, hata mimi mhasibu usinipe.

Dada_Arusha
Mimi nafanya usafi na fumigesheni huku Arusha, na kwenye hili niko upande wa dada yako kidogo. Usikae ofisini moja kwa moja. Acha kuzunguka kila siku, ila tokea bila taarifa, leo saiti hii wiki ijayo ile. Ukifika angalia nyuma ya choo pale chini kwenye bomba, juu ya fremu ya mlango, na chini ya sinki. Sehemu hizo tatu zinakwambia kama supavaiza kapita au kaambiwa tu kwenye simu kwamba kazi imeisha. Ukikuta uchafu usimfokee anayedeki, piga picha mtumie supavaiza halafu nyamaza uone atafanya nini, hapo ndo utajua una mtu au huna.

Kwenye kliniki ongeza umakini. Sisi mopa nyekundu ni ya chooni tu na bluu ni ya sehemu za kawaida, nikikuta nyekundu iko korido siondoki mpaka tumemalizana. Mteja wa hospitali ukimpoteza kwa jambo kama hilo harudi.

Kijana_Tenda
Mbona mnamrudisha nyuma? Dada jisajili NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, taasisi za serikali zinatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake na vijana wamo. Huu ndo wakati wa kukua.

Mhasibu_Mtaani
Kijana fursa ni ya kweli, ila mtu ambaye bado anakimbia Kariakoo mwenyewe akishinda tenda kesho nani atasimamia watu wapya watakaohitajika? Supavaiza akae vizuri kwanza.

MwanaUsafi_DSM
Wadau asanteni sana, nimesoma yote. Ufunguo wa stoo nampa Jumatatu. Mteja wa jengo nitamwomba tuanze na ghorofa nne na alipe ndani ya siku 30, akikataa sijajua nitafanyaje, roho inaniuma kuiacha kazi ile. Kitu kingine, huyu dada nimwongezeje hela? Nilifikiria asilimia ya mauzo.

Fundi_Mipango
Asilimia ya mauzo hapana, bei hapangi yeye. Ongeza mshahara unaoeleweka na nauli, halafu bonasi kila saiti anayoisimamia ikihuisha mkataba. Mwandikie barua ya cheo kabla hajaanza, na uwatumie wateja wote namba yake siku hiyo hiyo.