Tupeane uzoefu: jirani anapopigia kura chama kinachotaka uondoke

Wakuu, habari za huko mliko. Naishi Thüringen, mashariki mwa Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Septemba 2024 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, iliongoza uchaguzi wa jimbo letu kwa asilimia 32.8, mara yake ya kwanza kuongoza katika jimbo lolote. Februari 2025 ikapata asilimia 20.8 nchi nzima.

Kinachonisumbua ni kwamba huku wageni ni wachache kuliko Berlin au Frankfurt, lakini kura za kuwapinga ndizo nyingi. Baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990, viwanda vya huku vilifungwa, vijana wakahamia magharibi. Kijijini kwetu shule ilifungwa na basi linapita mara mbili kwa siku. Mwaka 2015 nchi ikapokea waomba hifadhi karibu laki tisa. Jirani yangu, mtu mwema kabisa kwangu, aliniambia: "Sisi tuliambiwa hela hakuna. Wao walipokuja, zikapatikana." Hadi leo sijapata jibu la kumpa. Ninyi mmekutana na nini?

*Jibu, kutoka Uswidi*
Pole mkuu. Mimi nahudumia wazee majumbani. Mwaka 2022 Sverigedemokraterna, chama cha huku kinachopinga wahamiaji, walipopata asilimia 20.5 na kuwa chama cha pili kwa ukubwa, mzee ninayemwogesha kila asubuhi alinieleza wazi kuwa kawachagua. "Si wewe, ni wale wengine." Hao wengine anawaona kwenye taarifa ya habari tu, kukiwa na risasi. Nikamwambia dada yangu anakaa mtaa huohuo wa kwenye habari na huamka saa kumi alfajiri kwenda kufanya usafi hospitalini. Alinyamaza, kisha akaniuliza jina lake.

*Jibu, kutoka Austria*
Mwaka 2015 nilikuwa jimbo la Oberösterreich, FPÖ, chama cha huku kinachopinga wahamiaji, ilipopata asilimia 30 kwenye uchaguzi wa jimbo. Nililoliona kwa macho, watafiti walikuja kulipima: wakimbizi walikopita tu kuelekea mpaka wa Ujerumani, kura za chama hicho zilipanda zaidi. Walikopewa makazi wakakaa, zilipungua kuliko ilivyotarajiwa. Kijijini kwetu walikaa, wakacheza mpira na vijana wetu. Visiwa vya Ugiriki navyo viliona watu wakishuka mashuani na kuondoka, na Golden Dawn, chama chao cha mrengo mkali wa kulia, ikaongeza kama pointi mbili za asilimia.

*Jibu, kutoka Ujerumani*
Naomba msinihukumu. Nina uraia, na nilikaribia kuwapigia kura AfD. Nilisubiri karatasi zangu miaka mingi, nikalipa kodi, nikajifunza lugha usiku baada ya kazi. Kuona wengine wakipokewa haraka kuliko mimi kuliniuma sana, na chama hicho kilikuwa kinautaja uchungu wangu hadharani.

*Mwanzisha mada*
Ahsante kwa kusema kweli, ndugu yangu. Nini kilikurudisha?

*Jibu, kutoka Ujerumani*
Tukielekea kituo cha kupigia kura tulipita bango lao. Binti yangu, ana miaka minane, akalisoma kwa sauti, akauliza kama anayesemwa ni bibi yake.