Tupeane uzoefu: redio ya gari inakwaruza na antena iko ndani ya kioo, wewe ulitatuaje?

Mzee wa Harrier

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nauanzisha kwa wale wenye magari ya Japan ambayo juu hayana mkonga (antena ya fimbo), antena yake ni vile vinyuzi vyembamba kwenye kioo cha nyuma au kile kioo kidogo cha ubavuni karibu na buti. Wengi wanadhani vyote ni vya kukaushia ukungu, kumbe baadhi ndo antena yenyewe.

Yangu ni Harrier ya 2004. Ilikuja na redio ya kwao, FM yake inaishia megahezi 90, kwa hiyo Clouds 88.5 na Radio One 89.5 napata safi ila EFM 93.7 naisikia kwenye gari za watu tu. Nikafunga redio ya android, picha safi, blututhi safi, kamera ya nyuma safi, ila FM ikawa kichekesho, yani hata Clouds iliyokuwa inaingia bila shida na redio ya zamani sasa imejaa mchanga, nikifika karibu na flaiova pale Tazara inakata kabisa inarudi mbele ya safari. Fundi aliyefunga nikamrudia, akaangalia kioo kwa macho tu akasema bosi antena ya kioo imekufa, tutoboe rufu tuweke ya mkonga. Nikamwambia rufu yangu haitobolewi na mtu.

Nina jirani mstaafu, alikuwa fundi wa redio za upepo kazini kwake. Alikuja na testa yake, akabandua plastiki ya nguzo ya nyuma pale kioo kinapoishia, ndani kuna kidude kama kiberiti kimefungwa kwenye bodi kwa skrubu moja. Hicho ndo busta, kinachoongezea mawimbi nguvu. Vinyuzi vya kioo vinaingia upande mmoja, waya mnene wa antena unatoka upande wa pili kwenda dashibodi, alafu kuna kawaya kamoja kembamba ka umeme. Akaniambia washa redio, akapima kale kawaya, sifuri. Tukaenda mbele tukachomoa redio, nyuma yake kuna waya wa bluu umeandikwa ANT, umekunjwa vizuri na kufungwa utepe mweusi, hauendi popote. Kuunganisha tu na waya wa gari, nyuma volti 12 zikasoma, na redio ikafunguka palepale. Clouds, EFM, mpaka Upendo 107.7 kule mwisho kabisa.

Alivyonieleza ni kwamba mkonga wa kawaida wa FM unakuwa kama sentimita 75, unajitosheleza, ila vinyuzi vya kioo vinadaka kidogo alafu mawimbi yanasafiri gari zima kufika mbele, bila busta kuyasukuma yanafika yamechoka. Busta ikikosa umeme ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, mana inakaa katikati ya njia inaziba.

Haya leteni zenu.

Nyuzi na Fyuzi

Mzee umemaliza kila kitu mwanzo kabisa 😂 Mimi hii ndo kazi yangu na nasema wazi, gari nyingi za antena ya kioo zinazoletwa kwangu na malalamiko ya redio shida ni huo waya wa bluu. Sababu ni moja, redio za android zinakuja na soketi za watu wote, fundi akiona spika zinaongea na taa inawaka anafunga dashibodi anachukua hela yake. FM anaijaribu akiwa gereji katikati ya mji ambapo hata waya mtupu unashika.

Angalizo kidogo. Redio nyingine zina bluu mbili, moja ya antena na nyingine ya kuamsha amplifaya ya muziki, soma maandishi kwenye waya usikisie. Na kama redio yako haina kabisa, chukua umeme wa ACC, ule unaokuja ukizungusha ufunguo tu, weka na fyuzi ndogo, usichukue wa betri moja kwa moja, utaikuta betri imeisha asubuhi unalaumu altaneta.

Wenye VW na jamaa zake wa Ulaya, hapo ni hadithi nyingine. Nyingi zake busta inalishwa umeme kupitia waya uleule wa antena, kwa hiyo kule nyuma hutaona kawaya ka pembeni utazunguka na testa mpaka uchoke. Kuna adapta inauzwa, upande mmoja inaingia plagi ya gari, upande mwingine inaingia redio, katikati imetoka na waya wa bluu. Unaunga huo kwenye bluu ya redio, kazi kwisha.

Dada wa Pasiansi

Mimi ya kwangu haikuwa umeme. Mwanza hapa trafiki walinisumbua sana na tinti nyeusi niliyoikuta kwenye gari nikasema wacha niitoe niwe na amani. Vijana wa kuosha magari wakajitolea, mmoja akaja na wembe. Kioo cha nyuma na vile vidogo vya pembeni akavikwangua mpaka viking'aa, nikampa na soda juu. Kutoka pale Radio Free Africa 89.8, redio ya nyumbani kabisa, inakuja inaondoka. Fundi wa umeme alipomulika tochi ndo tukaona, kile kioo cha ubavuni kilikuwa na mistari ya rangi ya udongo, sasa imebaki vipande vipande, wembe umepita nayo.

Jamani ukitoa tinti kwenye kioo chenye mistari usikubali wembe. Lowesha kwa maji ya sabuni, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, vuta taratibu kwa kufuata mistari inavyolala. Mimi niliishia kutafuta kioo kizima kwenye magari ya kuchinja, na nilimwambia muuzaji kabisa nataka chenye mistari mana kuna vya gari hiyohiyo havina.

Mzee wa Harrier

Pole sana dada. Na tinti yenyewe inachangia, ile inayong'aa kama kioo ina madini ndani yake na inazuia mawimbi. Ya kaboni haina neno.

Kamau wa Forester

Niaje watu wa TZ, huku Nairobi Subaru Forester ni kama matatu, zimejaa, na antena yake iko kwa ile glasi ya nyuma ya side. Mimi waya wa bluu uliekwa poa kabisa na bado Capital 98.4 ilikuwa inakuja na kelele, lakini Radio Jambo 97.5 iko clean. Nikaambiwa na kila mtu nibadilishe antena. Jamaa mmoja wa Kirinyaga Road akaniuliza tu swali moja, hiyo redio inasonga hatua ngapi ukibonyeza? Kuangalia, inatoka 98.3 inaruka 98.5. Yaani ilikuwa imesetiwa Amerika, na Wamarekani stesheni zao zote zinaishia na namba witiri. 98.4 kwake haiko duniani. Tukaingia kwa settings upande wa redio, tukaweka Ulaya, hapo hapo Capital ikaingia kama CD. Sikulipa hata bob, nilimnunulia chai.

Kingine, kuna kitufe cha LOC. Hiyo ikiwa on redio inatafuta zile stesheni zenye nguvu peke yake, zile dhaifu inaziruka. Izime kabla hujafungua dashboard ya mtu.

Kijana wa Ekspanda

Sisi ambao hela ya android haipo tunaongelea wapi? 😅 Passo yangu ina redio yake ya Kijapani, inaanzia 76 inaishia 90. Nilinunua bendi ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kinachofanya ni kushusha namba. Ya kwangu inashusha 12. Sasa piga hesabu, Times 100.5 ukitoa 12 unapata 88.5, na 88.5 nani anakaa hapo Dar? Clouds! Kwa hiyo nikiwa Sinza nasikiliza mahubiri ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Na Upendo 107.7 inashuka mpaka 95.7 ambayo redio yenyewe haifiki, kwa hiyo kule juu sipati kabisa.

Nikarudi dukani nikabadilisha nikachukua ya 18, hapo Upendo inakaa 89.7 na Times inakaa 82.5 peke yake, hakuna wa kugombana naye. Ila zile za 93 huko zinashuka 75 na kitu, chini ya mwanzo wa redio, kwaheri EFM. Ndo maisha ya ekspanda, unachagua wa kumuacha.

Nyuzi na Fyuzi

Na usisahau ekspanda nayo inakula umeme, na ukiiweka kwenye gari ya antena ya kioo busta lazima iendelee kupata wa kwake. Nimekuta watu wamekata waya wa busta ndo wakalisha ekspanda.

Kijana wa Ekspanda

Mkuu Passo yangu ina mkonga juu hayo hayanihusu, ila nimewaelewa.

Baharia wa Tanga

Hii yangu nadhani hamjawahi kuisikia. Nina stesheni wagoni ya Kijapani ya 2001, ilikuwa na mkonga wa mota unaopanda wenyewe ukiwasha redio. Chumvi ya huku kwetu unaijua, ukaganda katikati, mota ikaungua, mkonga ukavunjika. Nikazunguka na waya wa hanga kwa muda, watoto wananicheka.

Sasa hiyo gari ilikuja na televisheni ya dashibodi, ile ya zamani, na kwenye vioo vya nyuma pembeni kuna mistari ya antena ya TV. Japan walizima TV ya analojia Julai 2011 kwa hiyo hata huko kwao ile mistari haina kazi tena, huku ndo kabisa. Kaka yangu aliwahi kufanya kazi ya mitambo akaniambia subiri, chaneli 1 mpaka 3 za Wajapani zilikuwa zinarushwa kati ya 90 na 108. Nikamwambia sema tena. Ndio, palepale ambapo sisi tumeweka FM yetu! Ile redio yao inaishia 90 kwa sababu juu yake kulikuwa na televisheni.

Kwa hiyo ile mistari ya TV kwenye kioo ilitengenezwa kudaka masafa yetu haswa. Tukafuata waya mpaka kwenye boksi la TV chini ya siti, zilikuwa waya nne zenye plagi ndogo kama za spika za masikioni. Tukachukua mmoja, tukabadilisha plagi, tukauleta kwenye redio mpya, busta yake tukaipa umeme. Mkonga uliovunjika tukauziba na gundi na rangi. Nashika stesheni za Tanga zote, na nikipanda juu kidogo naokota mpaka za Mombasa, Baraka FM 95.5 inaingia kama niko Kizingo.

Mzee wa Harrier

Baharia hii imeniacha mdomo wazi. Kaka yako huyo mlinde.

Mama Wawili

Samahani nadandia hapohapo kwa Baharia. Gari yangu ni ya juzi juzi ya 2012, kwenye kioo cha MBELE juu kuna vile vibandiko vya kung'aa vyenye umbo la pembe na waya mweusi unashuka nguzoni. Fundi kaniambia hizo ndo antena, anataka kuziunga kwenye FM. Ni kweli?

Baharia wa Tanga

Hapana dada, hizo ni za TV ya dijitali, masafa yake yako juu sana, kuanzia 470 kwenda juu. Kwa FM yetu ni bure, utasikia kidogo kwa sababu ya urefu wa waya tu. Tafuta nyuma, vioo vya pembeni au juu ya ile mistari ya kukaushia.

Bando Tele

Mnahangaika nini lakini, blututhi na simu basi 🙄

Kamau wa Forester

Bro, mpira wa radio goli linaingia, wewe wa bando bado uko kwa kona.

Dereva wa Noah

Mimi nachangia fupi. Antena ilikuwa nzima, umeme unafika, redio inakwaruza usiku tu. Usiku! Kumbe ni taa za LED nilizobadilisha za mbele, zile za bei chee. Ukiziwasha mchanga, ukizima safi. Na chaja ya simu ya kwenye kiberiti cha gari na dashikamu zina tabia hiyohiyo, hasa dashikamu ikibandikwa karibu na kioo chenye antena. Chomoa kimoja kimoja huku redio inaongea, utamjua mchawi wako.

Mzee wa Harrier

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho kwa Nyuzi na Fyuzi, kioo changu kina mstari mmoja umekatika kama kucha hivi, busta ina umeme na redio inashika, ila najua pale kuna pengo. Niunge kwa lisasi ya kulehemu?

Nyuzi na Fyuzi

Usiweke chuma cha moto cha kulehemu kwenye kioo mzee, joto likiwa mahali pamoja kinapasuka na hicho kioo ni hela. Kuna rangi ya fedha ya kuunga mistari ya kioo, kachupa kadogo. Safisha na spiriti, bandika utepe juu na chini ya mstari uache upana uleule, paka mara mbili, bandua utepe kabla haijakauka kabisa, acha mpaka kesho yake usiguse. Alafu pima kwa testa kutoka upande mmoja wa pengo kwenda mwingine, ikilia umemaliza. Na kama kile kibati kinachoshika waya kwenye kioo ndo kimebanduka, hapo rangi haitoshi, tafuta gundi yenye fedha ndani, supagluu haipitishi umeme hata ukaiombee.

Mzee wa Harrier

Nimekupata. Jumamosi naenda Gerezani kuitafuta, nikiikosa nitakusumbua inboksi.