Stendi ya akwariamu ya maji chumvi: paina au mninga? (Nipo Mbeya)

MsowetoMbeya: Wakuu, habari za usiku. Nataka stendi ya kubebea akwariamu ya maji chumvi, yaani tanki la kioo la kufugia samaki wa baharini, lita 400. Fundi mmoja anasema paina ya Mafinga inatosha, mwingine anasema bila mninga nisithubutu. Bei ya mninga mnaijua. Mwenye uzoefu aniongoze, silali vizuri.

KiaziMviringo: Stendi? Nikajua unaulizia ile ya mabasi, Nane Nane, nikataka nikutajie nauli.

FundiRanda: Mkuu, usihangaike na jina la mbao, angalia mzigo unashukia wapi. Lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo, kwa hiyo lita 400 ni kama kilo 410, kabla ya vioo, mawe na mchanga. Paina ya mbili kwa nne iliyokauka inabeba. Ila fremu ya juu ikalie miguu yenyewe, isining'inie kwenye skrubu. Skrubu ni ya kushikanisha tu. Mgongoni piga plaiwudi isiyumbe, pitisha pima maji pande zote, vanishi mikono mitatu kwa sababu chumvi inatambaa mpaka usikotegemea. Sasa niambie: sakafu gani, na maji umeshaweka?

MsowetoMbeya: Sakafu ya saruji, nyumba ya chini. Asante sana fundi. Kwa hiyo paina?

MamaRungwe: Mwanangu, kuna watu wanaamka alfajiri kufuata maji na ndoo kichwani, wewe unayatia chumvi kwa makusudi. Haya.

FundiRanda: Swali la pili hujajibu.

MsowetoMbeya: Nimeshaweka, tangu Jumapili. Lipo juu ya kabati la TV, kwa muda tu. Kabati lenyewe zito, tulilibeba wanaume wanne. Usiku ndiyo linalia kidogo, kama mlango mbovu. Na samaki wanakuja Ijumaa na basi kutoka Dar, wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nimeshalipa, msiniambie niache.

FundiRanda: Kabati la chipbodi?

MsowetoMbeya: Chipbodi ila nene.

FundiRanda: Chipbodi ikinywa maji inavimba kama andazi. Punguza maji usiku huu huu.

TangaMpaka: Nilikuwa nalo moja Tanga. Kila maji yakipungua naongeza maji ya bahari, samaki wakawa wanakufa mmoja mmoja, nikamshuku jirani. Kumbe maji yanapaa, chumvi inabaki! Ya kujazia ni maji matamu yasiyo na klorini. Nilivyohama nikamwachia shemeji, nikarudi nikakuta kafugia vifaranga. Hatuongei vizuri mpaka leo.

NyasaDamu: Kwani lazima bahari? Mbuna wa Ziwa Nyasa wana rangi hizo hizo, Wazungu wanawafuga vyumbani kwao, na maji yao hayana chumvi. Wewe uko Mbeya unaagiza samaki Dar! Kingine, hapo maji yana siku tatu. Bakteria wa kula amonia, ile sumu ya kinyesi cha samaki, wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Na baridi hii ya mwezi wa saba, bila hita ya kushikilia nyuzi 25 samaki wako hawafiki Jumapili.

MsowetoMbeya: Hita ninayo. Umeme ukikatika nitafunika blanketi. Na muuzaji kasema hao samaki ni wagumu.

HesabuKavu: Wakuu, hii chai. Kabati la TV kubeba kilo 400 tangu Jumapili na bado liko wima? Tupe vipimo vya hilo tanki.

KiaziMviringo: Sukari tunayo, leta vikombe.

MsowetoMbeya: Mimi sio mtu wa chai. Urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50.

HesabuKavu: 120 mara 50 mara 50 ni lita 300. Lita 400 umezitoa wapi? Uongo ujue hesabu.

MsowetoMbeya: Muuzaji ndiye aliyeniambia 400! Nikapimia chumvi kwa hiyo 400, gramu 35 kila lita kama mfuko ulivyoandika. Nimemimina kilo 14.

HesabuKavu: Ngoja. Kilo 14 kwenye lita 300 ni karibu gramu 47 kwa lita. Ukitoa nafasi ya mawe, na pale juu ambapo hujajaza, unavuka 50. Bahari ni kama 35. Chai nimeifuta, samahani mkuu. Una kipima chumvi?

MsowetoMbeya: Nilikuwa naonja.

MamaRungwe: Anaonja.

FundiRanda: Mzigo umepungua kilo mia, ila chipbodi ni ile ile. Vuta maji kwa mpira mpaka libaki robo, kisha mshuke nalo sakafuni. Paina njoo kesho nikukatie, na kipima chumvi nunua kabla ya samaki.

MsowetoMbeya: Nimeanza kuvuta. Muuzaji nampigia asogeze safari, hapokei. Mke kaamka anauliza kwa nini sebule nzima ina mabeseni, na lake la kufulia limo.

KiaziMviringo: Ijumaa nitakuwepo Nane Nane kupokea wageni. Chumvi wameshapata, nije na ndimu?