Mtoto kabebeshwa zege miezi miwili, daftari linasema "amejifunza kujenga kona"

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Mpwa wangu anasomea uashi chuo kimoja hapa Kigoma. Amemaliza juzi mafunzo kwa vitendo, miezi miwili kwenye saiti ya ghorofa huku Mwanga. Jumamosi nikamchukua twende Ujiji, nina msingi wa vyumba viwili nauanza. Nikampa kamba, vigingi na futikamba, nikamwambia piga mraba. Akasimama ananiangalia.

"Mjomba, kule walikuwa wanapiga wenyewe."

Mraba, jamani! Mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, unavuta mshazari, ukisoma 5 kona imekaa. Mimi nilioneshwa wiki yangu ya kwanza kazini, na aliyenionesha hakumaliza hata darasa la saba.

Nikaomba daftari lake. Limejaa! "Kusuka nondo." "Kujenga kona." "Kupiga lipu." Kila wiki ina sahihi na muhuri. Mtoto anasema lilisainiwa lote siku ya mwisho, fundi mkuu amekaa juu ya ndoo anakula. Mwalimu wa chuo alifika mara moja tu, akasalimiana na wakubwa pale chini, akaondoka. Juu hakupanda.

Sasa huko juu alikuwa anafanya nini? Anapandisha zege kwa karai, asubuhi mpaka jioni. Vidole vyake vimeliwa na saruji, kwenye viungo ngozi imetoboka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Saruji mbichi inaunguza, hakuna fundi asiyejua hilo, na hakuna aliyempa glavu. Hata nauli hakupewa. Akiuliza hela anaambiwa wewe mwanafunzi, akiomba mwiko anaambiwa kalete udongo.

Na sisi mafundi tusijifiche. Tunajua tunavyofanya: kona anasimamisha fundi, kijana anawekwa katikati ajaze tofali kwa kufuata kamba. Miaka inapita hajui kutumia timazi. Tunaogopa akijua kona mwakani atatunyang'anya kazi. Ni roho mbaya, na mimi nimewahi kuifanya. Lakini mimi sikuchukua ada ya mtu. Chuo kimechukua ya dada yangu, anayeuza dagaa Kibirizi.

Halafu tunalalamika kazi kubwa wanapewa wageni. Reli ya SGR ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022. Ni kazi ya boksi (fomu za kumwagia zege), nondo na zege hiyo. Vijana wetu wataendea nini kule, kubeba karai tena?

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya 1994, waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, mitaala imeandikwa. Kinachokosekana ni mwalimu kupanda ngazi, kumpa kijana kamba na kumwambia piga mraba nikuone, ndipo asaini. Dakika 10 hazifiki!

Nimemwambia dada asilipe muhula ujao kwanza. Jumatatu naenda chuoni na mtoto, daftari na kamba yangu. Apige huo mraba mbele ya mkuu wa chuo, kisha anisomee kile kilichoandikwa wiki ya tatu.

Mzazi mwingine wa hapa mjini ambaye wake karudi hivi aseme, twende pamoja.