Msokoto wa udongo wa polima unaoiga vioo vya Murano: mistari yangu inapotea

Mama Hereni (Rau, Moshi) ameuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninatengeneza hereni na mikufu ya udongo wa polima, ule unaokandwa kwa vidole na kuokwa mpaka ukawa plastiki ngumu, na wanunuzi wangu wengi ni wageni walioshuka mlimani wakiwa na siku moja tu ya kuzunguka mjini kabla ya safari ya kurudi kwao. Tangu Desemba ninajaribu kutengeneza vijiti vya msokoto vinavyofanana na vioo vya Murano, kisiwa cha Venice huko Italia, yaani kijiti cha udongo angavu unaopitisha nuru, chenye nyuzi nyeupe zinazokizunguka kama kamba iliyosokotwa.

Ninalaza nyuzi nyeupe kwenye kiini kinene cha udongo angavu, ninasokota, kisha ninavingirisha mezani mpaka kijiti kiwe chembamba. Matokeo hayanipendezi. Ncha mbili hukaza mno huku katikati mistari ikibaki karibu imenyooka, nyuzi nyeupe husambaa na kuwa kama maziwa yaliyomwagika, na baada ya kuokwa udongo uliokuwa angavu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Zaidi ya hayo, ninapokata vipande vyembamba kama nilivyozoea kukata vijiti vyangu vya maua, ule msokoto wenyewe siuoni kabisa. Ninaoka katika oveni ya jiko la gesi. Jirani amenishauri nichemshe vitu vyangu katika sufuria kwa sababu maji hayaunguzi. Naomba mwenye uzoefu anielekeze nilipokosea.

Fundi wa Njiro (Arusha) amejibu:

Dada, pole kwa udongo uliopotea, maana najua ulivyo ghali kuuagiza. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Kijiti cha maua hubeba picha yake katika ncha, na ndiyo maana ukikikata kama karoti kila kipande hutoa ua lilelile. Kijiti cha msokoto hubeba picha yake ubavuni. Ukikikata kwa upana utaona nukta nyeupe zilizojipanga duara, basi. Kitumie kwa urefu wake: kikate vipande virefu, vilaze ubavu kwa ubavu juu ya karatasi nyembamba ya udongo mweusi au wa buluu iliyokolea, kisha pitisha chupa laini juu yake kwa wepesi mpaka vishikane. Wapulizaji wa vioo pia hupanga vijiti vyao sambamba kabla ya kuviyeyusha vishikane na kuvigeuza kuwa bilauri au chombo cha maua.

Sasa nyuzi zinazosambaa. Hapa tatizo ni ulaini. Udongo angavu mara nyingi ni laini na unanata kuliko ule wenye rangi, na vitu viwili visivyolingana ulaini haviendi pamoja mkono unapoanza kusokota: kimoja hukubali kuvutika, kingine hukatika au hutambaa juu ya mwenzake. Kanda kila rangi peke yake, kisha bonyeza vidonge viwili vya ukubwa mmoja kwa kidole gumba. Kama kimoja kinabonyea haraka, kitandaze kati ya karatasi mbili nyeupe za kawaida na ukiache usiku kucha. Karatasi hufyonza sehemu ya kilainishi kilichomo ndani yake, na asubuhi utakuta alama ya mafuta katika karatasi na udongo uliokaza kidogo. Huko Moshi kuanzia Januari hadi Machi hatua hii usiiruke. Sisi Arusha mwezi wa Julai tuna tatizo la kinyume chake, kwa kuwa udongo huwa mgumu mpaka niukalie.

Baada ya hapo, tengeneza kiini cha udongo angavu chenye unene wa takriban milimita 12, upange juu yake nyuzi 8 nyembamba kwa nafasi zinazolingana, kisha ukifunike chote kwa ngozi ya udongo angavu yenye unene wa milimita 1. Ngozi hiyo ndiyo siri ya kufanana na kioo, kwa sababu nyuzi huonekana zikielea ndani badala ya kukaa juu. Pia hukinga rangi nyeupe isipakwe na viganja.

Kosa lako kubwa, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kusokota kwanza na kupunguza unene baadaye. Udongo haupungui ujazo unapouvingirisha. Ukitoka milimita 12 hadi milimita 6, kijiti cha sentimita 10 kinakuwa cha sentimita 40, na mzunguko mmoja wa uzi uliokuwa ukichukua sentimita 1 sasa unachukua 4. Msokoto wako haukupotea, dada, umevutwa mpaka ukanyooka. Punguza unene kwanza mpaka ukaribie ule unaoutaka, kata ncha zilizoharibika, kisha ndipo usokote.

Kuhusu ncha kukaza, mikono yako ina joto. Unaposhika ncha mbili kwa muda, sehemu hizo hulainika kuliko katikati, na nguvu ya kusokota siku zote huishia pale palipo laini. Weka kijiti mezani, tumia viganja vilivyonyooka badala ya vidole, mkono mmoja ukisukuma mbele na mwingine ukirudi nyuma, mizunguko michache tu. Kisha kiache kipoe dakika kumi. Ukirudi, anza kusokotea katikati, kila mkono ukiwa sentimita tano hivi kutoka kwa mwenzake, na uhamie pembeni pole pole. Mimi hukigawa kijiti cha sentimita 40 katika vipande vitatu na kusokota kila kimoja peke yake, kwa sababu kijiti kirefu hakisamehe.

Jambo la mwisho ni upande wa msokoto. Sokota nusu ya vijiti kuelekea kulia na nusu kuelekea kushoto. Ukivilaza kwa kupokezana, mistari hukutana na kutoa umbo la mifupa ya samaki, na hapo ndipo mnunuzi husimama.

Jiko la Sakina (Arusha) amejibu:

Naongezea upande wa moto, kwa kuwa ndiko nilikoteseka mwenyewe.

Ushauri wa kuchemsha uuache, Mama Hereni. Udongo huu una vinyl, aina ya plastiki, ndani yake, na chembe zake haziungani vizuri mpaka joto lifike kiwango cha mtengenezaji: udongo wa chapa ya Fimo huokwa katika nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30, na wa chapa ya Premo katika nyuzi 130. Maji yanayochemka pwani hufikia 100 tu. Hapa Arusha, tukiwa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa kwenye 95 hivi, na kwenu Moshi kwenye 97 hivi. Kitu kitakachotoka katika sufuria kitaonekana kigumu, lakini hereni nyembamba itakatika mgeni akiwa bado uwanja wa ndege.

Rangi ya chai ya maziwa maana yake ni moto uliozidi, wala usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe cha oveni. Oveni yangu iliyosema 130 ilikuwa ikipanda mpaka 160 kila moto ulipowaka upya. Nunua kipimajoto kidogo cha oveni, kile cha kuweka ndani, ukilaze mahali hasa unapolaza kazi yako. Tanguliza kigae cha sakafuni kipate moto dakika 20, kwa sababu kigae hupunguza kupanda na kushuka kwa joto, kisha weka kazi juu yake na uifunike kwa karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa kama paa la hema ili mwali usiichome moja kwa moja.

Inapotoka, itumbukize papo hapo katika bakuli la maji yenye barafu. Vipande vyembamba hutoka angavu zaidi kuliko vinavyoachwa vipoe vyenyewe. Ikiwa bado kuna unjano, ongeza chembe ya udongo wa zambarau, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, katika pakiti nzima ya udongo angavu kabla ya kukanda. Na ukiona moshi siku yoyote, zima oveni, fungua madirisha na utoke nje, kwa sababu udongo huu ukiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayowasha macho na koo.

Mzee wa Shanga (Majengo, Moshi) amejibu:

Maelezo ni mazuri, wanangu, ila nina neno. Kwa nini tunahangaika kuiga Murano? Mgeni anaweza kukinunua kioo cha Murano huko huko Italia. Ushanga wa Venice tuliuletewa zamani na misafara iliyotoka pwani, na Richard Burton, mvumbuzi Mwingereza aliyepita na misafara hiyo kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba ushanga mwekundu wa samesame ulipewa jina la utani lenye maana ya mvunja mji, kwa jinsi ulivyopendwa mno. Hata leo shanga nyingi za akina mama wa Kimasai hutoka Ucheki. Je, hamwoni kwamba tunazunguka palepale?

Fundi wa Njiro amejibu:

Shikamoo, mzee. Hoja yako naipokea nusu. Mafundi wa Venice walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa hofu ya tanuri zao kuunguza mji, na kazi ya nyuzi zilizosokotwa waliikuza katika karne ya 16, kwa hiyo kioo hicho ni chao na hakuna anayewanyang'anya. Tunachochukua ni njia: kiini, nyuzi, ngozi, msokoto. Rangi ziwe zetu. Mimi huweka nyuzi nyekundu, nyeupe na buluu juu ya kiini angavu chenye rangi ya tanzanaiti kwa mbali, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza habari za Italia. Hata hivyo ni kweli kwamba anayeandika "Murano" kwenye kibandiko cha bei anamdanganya mteja, na hilo nakuunga mkono.

Mama Hereni ameandika, siku kumi na moja baadaye:

Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa mzee, na ahsanteni nyote. Nimepunguza unene kwanza na kusokota baadaye, na kwa mara ya kwanza mistari imetoka sawa kutoka ncha hadi ncha. Kipimajoto kilinionyesha kwamba oveni yangu ilikuwa ikifika 155. Sasa ninaoka kwa 115 kwa kutumia Fimo, na udongo hauna tena rangi ya chai. Kwa heshima ya mzee nimeweka nyuzi za kahawia na kijani, rangi za shamba la kahawa, nazo zimependeza kuliko nyeupe.

Yamebaki mawili. Ndani ya udongo angavu naona vidoa vyeupe vidogo kama vipande vya kucha. Pia nilipaka rangi ya kucha isiyo na rangi ili hereni zing'ae, na baada ya siku nne zinanata vidoleni.

Jiko la Sakina amejibu:

Rangi ya kucha iache kabisa, kwa sababu viyeyushi vyake hula udongo huu na ukishaanza kunata hautarudi. Hizo zilizokwisha kupakwa zihesabu kuwa hasara. Ng'arisha kwa msasa wa majini, ukianza na namba 400, kisha 600, 800, 1000 na 2000, kila mara ukisugua chini ya maji, halafu usugue kwa kipande cha jinzi kuukuu, ambacho hapo sokoni Mbuyuni hukikosi. Vidoa wengi wetu tunavihusisha na unyevu na hewa. Kausha mikono vizuri kabla ya kukanda, kunja udongo kwa namna isiyofungia hewa ndani, na weka akiba yako katika karatasi ya kuokea ndani ya kopo lenye mfuniko. Nilipoanza kufanya hivyo vilipungua sana, ingawa pakiti moja moja bado hunitolea vichache, na hizo huzitumia kwa vijiti vyenye rangi nzito ambamo havionekani.