Kioo cha mbele cha boti ya zamani kimepasuka tena, nifanyeje safari hii?

Mwana wa Shimoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina boti ya faiba ya futi 19, ya mwaka 1986, ilikuja Mombasa kutoka Uingereza kabla sijaijua. Napeleka wageni hifadhi ya bahari ya Kisite, tunarudi kisiwa cha Wasini kwa chakula cha mchana, kusi likishika naipandisha juu. Mwili mzima, mashine Yamaha 75 haijawahi kunilaza baharini. Taabu yangu ni kioo cha mbele.

Cha asili kilikuwa plastiki ya kipande kimoja iliyopindwa kwenye kona, imekaa juu ya fremu ya alumini. Kilikuwa kimegeuka manjano, jua la asubuhi likikupiga usoni huoni hata boya. Mwaka jana nikampa fundi mmoja anitengenezee kipya. Akaweka plastiki ya milimita 4, akaivuta kwa nguvu kufuata kona, akatoboa matundu 14 na kukaza skurubu mpaka raba ikatokeza nje. Siku ile kilipendeza. Mwezi wa nne nikaona ufa mdogo kama ukucha kwenye tundu la kona. Sasa matundu 9 yana ufa, na ukikitazama kwa ubavu unaona vijistari vyembamba kama nywele vimetapakaa. Kijana wangu hukisafisha kwa dawa ya vioo vya nyumbani, na mara mbili alitoa madoa ya rangi kwa thina.

Juma lililopita wimbi lilipiga omo, yaani mbele ya boti, kipande cha ukubwa wa kiganja kikaruka kikaangukia mapajani mwa mama mmoja mgeni. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Jirani anasema nitafute kioo cha gari kuukuu nikikate. Pia nataka kukipunguza urefu: huendesha nimesimama kwa sababu ya miamba, na ukingo wa juu unanikata machoni. Nishaurini.

Fundi Faiba, Unguja
Waaleikum salaam kaka. Kioo cha gari kiache. Cha pembeni hakikatiki, ukikigusa tu na msumeno kinamwagika chembechembe. Cha mbele chaweza kukatwa, lakini ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati. Maji ya chumvi yakipata njia pembeni, utando unaanza kuachia na kuwa mweupe. Tena kizito, na boti ya futi 19 haitaki uzito juu.

Matundu yako yamepasuka kwa sababu plastiki haikuachiwa nafasi. Akriliki, yaani plastiki ngumu angavu kama kioo, ya urefu wa mita 1 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 2. Boti imelala juani Shimoni saa sita, kisha inapigwa na maji ya bahari: inarefuka, inafupika, kila siku. Skurubu imeibana haiendi popote, basi inajipasua pale pale kwenye tundu. Ongeza na ule mvuto wa kona. Akriliki ukiipinda baridi inataka duara lenye nusu kipenyo cha mara 300 hivi ya unene wake. Kwa milimita 6 ni karibu mita 1.8, na kona ya boti yako haifiki huko hata kidogo. Vile vijistari ni thina na dawa yenye amonia, vimemalizia kazi.

Mimi ningekufanyia vipande vitatu bapa, cha kati na viwili vya ubavuni, na nguzo mbili za alumini kwenye kona. Hakuna cha kupinda wala tanuri. Kila kipande ni kifupi kwa hiyo hurefuka kidogo, na siku kimoja kikivunjika hubadilishi vyote. Akriliki ya milimita 6. Boliti ya milimita 5 ipite kwenye tundu la milimita 8, na washa ya raba juu na chini. Kaza mpaka raba iguse, kisha robo mzunguko, basi. Boliti za stenlesi zipake grisi ya majini kabla hazijaingia kwenye alumini, la sivyo miaka miwili utakuta unga mweupe na fremu imeliwa.

Nahodha wa Kunduchi
Nakubaliana na vipande vitatu, ila kwenye akriliki napingana na fundi. Boti inabeba watu na kipande kimesharuka. Weka polikabonati, plastiki angavu ya aina nyingine, hata ukiipiga nyundo haitoi vipande. Inakwaruzika upesi, kweli, na isiyo na ganda la kuzuia jua hugeuka manjano, kwa hiyo nunua yenye ganda na uulize ni upande upi ulio na ganda, maana mara nyingi ni mmoja tu. Huo ndio utazame jua.

Urefu usipime kwa futi kamba nyumbani. Simama kwenye sukani boti ikiwa inakimbia na abiria wako wa kawaida, maana omo hunyanyuka. Mwenzio aweke alama kwenye kadibodi. Ukingo uwe chini ya macho yako kwa shibiri moja, utazame juu yake miamba bila kizuizi, na ukikaa utazame ndani yake. Usitamani plastiki ya rangi ya moshi. Mchana inaburudisha, magharibi ikiingia huwaoni wavuvi wenye ngalawa zisizo na taa.

Baba Salma, Maskati
Huku joto hupita nyuzi 40 na boti zetu hulala juani. Kinachonisaidia mimi ni kitambaa cha turubai kila ninapofunga boti, na kuosha kwa maji matamu mengi kwanza, chumvi yote iyeyuke, ndipo sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Ukipangusa chumvi kavu ni kama unapitisha msasa. Na silikoni: ile inayonuka siki usiiweke kwenye polikabonati wala karibu na alumini. Tafuta isiyonuka siki.

Mwana wa Shimoni
Shukrani sana. Nilikwenda kwa wauza vifaa vya mabango Mombasa. Shiti ni futi 4 kwa 8, lakini mwenye duka zote anaziita perspeksi, hajui ipi ni ipi. Nitajuaje?

Fundi Faiba, Unguja
Omba kibanzi, toka nje, kiwashe. Akriliki inaendelea kuwaka yenyewe kwa moto mtulivu, harufu tamu kama ya matunda. Polikabonati inatoa moshi mweusi wa masizi na ukiondoa kiberiti inajizimia. Na neno la nahodha wa Kunduchi nimelipima: kwa boti ya abiria, kipande cha kati weka polikabonati. Vya ubavuni akriliki yatosha.

Kutoboa: usivue karatasi ya kinga. Bana ubao chini, biti ya keekee isiwe kali kama ya kutobolea chuma, isugue ncha kidogo ikwangue badala ya kuuma. Pole pole, huku unadondoshea maji ya sabuni.

Mwana wa Shimoni
Narudi kuwaambieni. Kibanzi cha kwanza kiliwaka na kunuka kama pipi, cha pili kikatoa masizi kikazima. Nimenunua vyote viwili. Kadibodi nilikata mara tatu. Ya kwanza niliipima boti ikiwa ufuoni, nikaona tofauti ya vidole vinne tulipoipima inakimbia. Tumepunguza sentimita 14.

Matundu nimetoboa mwenyewe. Tundu la majaribio lilipasuka kwa sababu nilikandamiza. La pili nilitulia, plastiki ikatoka utepe mmoja mrefu uliojiviringa mpaka mwisho, na ukingo wa tundu ukawa laini kidole kikipita. Yote 18 nimeyafanya hivyo, asubuhi nzima.

Jana tulipita mkondo wa Wasini maji yakiwa yanakupwa, mawimbi mafupi. Nimesimama, naviona visiwa vya Mpunguti vyote juu ya ukingo. Boliti za kona nimezishika kwa mkono saa saba mchana plastiki ikiwa ya moto: raba inabonyea kidogo, boliti haibani. Kijana nimemnyang'anya chupa ya thina, nimempa dumu la maji matamu.