Tabuleti ya Atom haioni flashi ya Linux kabisa

mwanadunga
Wadau, habari za jioni. Niko Dunga hapa Kisumu, naweka hesabu za akina mama wanaouza samaki ufuoni. Juzi nimenunua sokoni Kibuye tabuleti ya mtumba yenye kibodi yake, shilingi 4,500. Prosesa ni Intel Atom Z3735F, RAM gigabaiti 2, hifadhi 32. Niliipendea kitu kimoja: inachaji kwa volti 5 kama simu, kwa hivyo hata stima ikipotea, sola ya bandani inaiweza.

Windows 8.1 iliyokuja nayo imejaa pomoni, hata kufungua daftari la omena ni kungoja. Nikaandika Xubuntu 22.04, aina ya Linux, kwenye flashi. Kwenye laptopu ya dada yangu flashi hiyo inawaka bila shida. Kwenye tabuleti nikibonyeza F7 orodha inakuja na mstari mmoja tu, Windows. Secure Boot, ile kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, nimeizima. Tena tundu ni moja, lile lile la chaja: nikichomeka flashi kwa waya wa OTG sichaji, nikichaji sina flashi. Kila jaribio linakula betri.

fundi_kondele
Flashi mbovu hiyo. Siku hizi wanauza takataka. Tafuta nyingine.

mwanadunga
Fundi, hii ni ya tatu.

bawabu_nakuru
Kaka, flashi yako haina kosa. Ifungue kwenye laptopu ya dada, ingia folda ya EFI, halafu boot. Kuna bootx64.efi, sivyo? Sasa tafuta bootia32.efi. Ukiikosa, mchawi ndiye huyo.

Prosesa hiyo ni ya biti 64, lakini nyingi ya tabuleti hizo za mwaka 2014 ziliwekewa UEFI (programu ya ndani inayoiamsha mashine) ya biti 32, ndiyo maana zilikuja na Windows ya biti 32. UEFI ya namna hiyo inatafuta bootia32.efi peke yake. Isipoiona haisemi kitu, haitoi hata kosa, inapita tu kana kwamba hujachomeka chochote. Ukimya huo umenipotezea Jumapili nzima, kwa hivyo nakuelewa.

mwanadunga
Nimetazama. Kuna bootx64.efi, kuna grubx64.efi, na hiyo ya ia32 haipo. Kwa hivyo nitafute mfumo wa biti 32?

bawabu_nakuru
Hapana. Tangu toleo la 3.15, mwaka huo huo wa 2014, keneli (kiini cha mfumo) ya Linux ya biti 64 inaweza kuwashwa na UEFI ya biti 32. Unachokosa ni mlango tu. Wengine watakwambia unakili bootia32.efi kwenye flashi yako. Itawaka, lakini ukimaliza kusakinisha, grub, programu inayoiwasha Linux, itakayobaki ndani ni ya biti 64 na utarudi pale pale. Mpaka uweke grub-efi-ia32 kwa mkono.

Chukua Debian 12, Linux nyingine, ile ya amd64, yaani ya biti 64. Kuanzia toleo hilo faili zake za kuandika kwenye flashi zinawaka kwenye UEFI za aina zote mbili, na kisakinishi kinachagua grub inayofaa chenyewe. Fimwea za Wi-Fi, zile programu ndogo ambazo kifaa cha Wi-Fi kinahitaji ili kifanye kazi, zimo ndani pia. Ila kabla hujaanza chaji mpaka ijae, na utafute waya wa OTG wenye matundu ya ziada.

Ikianza kuganda ganda baadaye, fungua /etc/default/grub, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha endesha amri ya update-grub. Ni ugonjwa wa Atom za ukoo huo. Mstari huo unaizuia prosesa isilale usingizi mzito, kwa hivyo betri itaisha mapema kidogo.

mwanadunga
Omera, asante sana! Jana usiku flashi imeonekana kwenye orodha mara ya kwanza. Nilianza na betri asilimia 94, nikamaliza na 31, mwanga wa kioo nimeupunguza hadi naona kwa kubahatisha. Asubuhi iliganda mara mbili nikiwa katikati ya hesabu za mbuta. Nikaongeza ule mstari wako, na tangu hapo imetulia. Wi-Fi inashika.

Kilichobaki ni kioo, hakisikii kidole. Lakini hapa ufuoni mikono yetu ina magamba kutwa, acha nibaki na kibodi kwanza.

fundi_kondele
Hizo flashi tatu bado unazo? Niuzie moja.